Kuku wako amepakwa viungo, hajakolea

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma mwaka jana kutoka Dar, naishi Nkuhungu peke yangu na najipikia. Kuku wa kukaanga amenishinda. Namtoa friza saa nne asubuhi, saa sita namkatakata, namtia ndimu, kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi vya kusaga, binzari na pakiti mbili za viungo, nampaka unga, namtumbukiza kwenye karai. Nje anakuwa mweusi, ndani kwenye mfupa ana damu, nyama haina ladha kabisa, ladha yote imebaki kwenye unga. Kila wiki naongeza viungo, wapi. Dar nilimpika hivi hivi akatoka vizuri. Yule wa chipsi hapa kituoni kwetu anatia nini?"

Marahaba mwanangu, karibu Dodoma. Nashukuru umetaja saa. Wengi wananiandikia majina ya viungo kumi na mbili bila saa hata moja, na kwa kuku wa kukaanga saa ndiyo habari yenyewe.

Nianze na huyo wa chipsi, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Hatii kitu cha siri. Siku moja nilikuwa namsubiri fundi pale Majengo, nikakaa kwenye stuli ya banda moja la chipsi tangu saa nane mchana mpaka magharibi, nikaiona kazi yote. Kuku walikuwa wamechinjwa asubuhi na kupakwa chumvi palepale. Kijana akawapanga robo robo kwenye sufuria kubwa, tangawizi ya kuponda, kitunguu saumu, maji kidogo yasiyowafunika, akaweka mfuniko. Maji yalipokaribia kukauka akaepua, akawaacha wapoe humo humo. Saa kumi akawapitisha kwenye mafuta mpaka rangi ya biskuti tu, akawapanga kwenye kabati la kioo. Saa moja kasoro mteja akaja, "Nipe paja na chipsi kavu." Paja likarudi kwenye mafuta makali, dakika mbili, likatoka linalia.

Hesabu mwenyewe. Nyama ile imeshinda na chumvi mchana mzima, imeiva mara ya kwanza kwa mvuke, ya pili kwa mafuta ya wastani, ya tatu kwa mafuta makali. Wewe unataka yote hayo yatokee kwa robo saa ndani ya karai moja, na kuku mwenyewe katoka kwenye barafu saa mbili zilizopita. (Kabati la kioo usiliige. Nyama ikae nje saa mbili, si zaidi.)

Sasa ladha. Siku moja fanya jaribio hili: chukua kidari kibichi, kipake binzari manjano nyingi, kilaze usiku kucha kwenye friji, asubuhi kikate katikati kwa kisu kikali. Utaona mstari wa manjano pembeni, unene wa ukucha, na ndani kote nyama nyeupe vilevile kama uliyotoka nayo buchani. Binzari imelala na kuku usiku mzima na haijapita mlangoni. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na hivyo vya pakiti vina tabia hiyohiyo. Harufu na ladha za viungo vingi hupenda mafuta, na nyama ya kuku karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo vinabaki juu vinapiga hodi. Hata ungetia pakiti kumi, unanenepesha mstari wa nje tu, na huo wa nje ndio unaoungua.

Kinachoingia ni chumvi. Inayeyuka kwenye maji ya nyama yenyewe na kusogea taratibu mpaka mfupani. Saa ya kwanza utaona kuku anatoa maji, bakuli linalowa, utadhani umemharibu. Mwache. Baadaye maji hayo yenye chumvi yanaanza kurudi ndani, na chumvi inailegeza nyama ili ishike maji yake isiyaachie yote ikipata moto. Kwa hiyo unapata vitu viwili kwa bei ya kimoja: kuku amekolea mpaka mfupani, na kidari hakitakukauka mdomoni kama sufi.

Kipimo changu ni hiki. Kuku wa kisasa ambaye baada ya kutolewa utumbo ana kilo moja na robo, anahitaji chumvi laini gramu 18 hadi 20. Kama huna mizani, ni kijiko kimoja cha chakula, kimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Kata vipande vinane au kumi, vifute vikauke, vipake chumvi hiyo kila upande na chini ya ngozi, funika, weka friji tangu jioni mpaka kesho yake mchana. Ukibanwa sana, angalau muda wa saa nne. Chini ya hapo unajidanganya. Na ukitumia viungo vya pakiti, soma nyuma yake: mara nyingi chumvi ndiyo imejaa humo, kwa hiyo punguza kwenye kijiko chako, la sivyo utaniandikia tena kwamba kuku kawa kama dagaa.

Ndimu iondoe kwenye kulaza. Najua umefundishwa na mama yako, hata mimi nilifundishwa. Lakini nyama ikikaa na ndimu saa nyingi, juu inageuka nyeupe kama imeshapikwa, na ikikaangwa inakuwa ya ungaunga. Ndimu mpe kuku akiwa tayari mezani. Unapotaka uchachu wa kulazia, hapa Dodoma uko mahali pake, maana mtindi haukosekani. Vikombe viwili vya maziwa mgando, chumvi ileile, kitunguu saumu kilichopondwa na kuchujwa, pilipili manga, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, basi. Uchachu wa mtindi ni wa upole, unalainisha bila kuichoma nyama, na sukari kidogo iliyomo kwenye maziwa inasaidia rangi ya kahawia kukaangwa kukifika. Neno "kuchujwa" nimelisema makusudi. Mabaki ya kitunguu yanayong'ang'ania kwenye ngozi yanaungua kabla nyama haijapata joto, na uchungu wake unaenea mafuta yote. Kitunguu maji kitoe kabisa, kina sukari nyingi na maji mengi.

Unga wa ubuyu niliwahi kuujaribu kwenye kulazia, nikafikiri nimegundua kitu. Uliungua. Ila ukiuchanganya na chumvi na pilipili ya unga, ukanyunyizia kuku akitoka tu kwenye mafuta, ni mtamu ajabu, na wageni wako wa Dar hawatajua ni nini.

Turudi kwenye damu. Ulimtoa friza saa nne, ukamkata saa sita. Mwanangu, kuku yule alikuwa bado na barafu kwenye maungio. Ngozi inakuwa laini, unabonyeza unasema ameyeyuka, kumbe karibu na mfupa wa paja mna ubaridi wa jiwe. Ukimtia kwenye mafuta, joto lote linatumika kuyeyusha barafu huku nje kunapata rangi, kisha kunapita rangi. Kuku mzima wa kilo moja na robo anataka kama siku nzima kwenye sehemu ya chini ya friji. Ndiyo, siku nzima. Mhamishe Ijumaa usiku, mpake chumvi Jumamosi jioni, mkaange Jumapili.

Ukiweza, mwache huyo wa friza. Sokoni Majengo au Sabasaba unachagua kuku aliye hai, anachinjwa na kunyonyolewa ukiangalia. Tahadhari moja tu: kuku aliyechinjwa asubuhi na kukaangwa mchana huohuo anakuwa mgumu, maana mwili wake bado umekakamaa. Anataka saa kadhaa alegee. Ukimlaza na chumvi usiku, hilo nalo umelimaliza. Na huenda jibu la "Dar nilimpika hivi hivi" limejificha hapa: Dar ulikuwa unanunua aliyechinjwa, au huyu wa barafu?

Halafu si kila wekundu ni ubichi. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa yake bado michanga, na uboho wake mwekundu huvuja ukapaka nyama iliyo jirani rangi ya zambarau, hasa kama aliganda kwenye friza. Anaweza kuwa ameiva na bado mfupani akaonekana wa damu. Anayekuambia ukweli ni kipimajoto cha jikoni: choma sehemu nene bila kugusa mfupa, ikisoma nyuzi 74 ameiva kwa usalama, na paja mimi naliacha lifike 80 na kidogo kwa sababu hapo ndipo mishipa yake inalainika. Bila kipimajoto, chana paja moja kubwa kandokando ya mfupa: nyama iwe imebadilika rangi, imeachana na mfupa kwa urahisi, na maji yanayotoka yasiwe na utelezi wa nyama mbichi.

Kuhusu Dodoma yenyewe, hujakosea kabisa kuushuku mji. Dar iko usawa wa bahari, hapa tuko juu kama mita 1,100, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yanakuchelewesha. Kwenye kukaanga, maji ya juu ya kuku yanakimbia mapema kidogo, nje panakauka na kupata rangi huku ndani bado panajikongoja. Dawa yake ni kushusha moto kidogo, kama nyuzi 5 au 6 chini ya zile za mapishi ya watu wa pwani, na kuongeza dakika. Ni jambo dogo. Usiusingizie mji kosa la barafu yako.

Tatizo la moto wako ni kubwa kuliko la mji. Karai ni pana, mafuta yake ni ya kina kifupi. Ukitia vipande vinane kwa mpigo mafuta yanapoa, kuku anaanza kuchemka badala ya kukaangika, wewe unaongeza gesi, na maji yakishaisha mafuta yanaruka mpaka kwenye moshi. Mara ya kwanza baridi mno, mara ya pili moto mno, yote kwenye kuku mmoja. Chukua sufuria nzito yenye kina, mafuta yasizidi nusu yake, vipande vitatu au vinne tu kwa zamu. Kama ni jiko la mkaa, moto unaupunguza kwa kutoa makaa mawili matatu na kufukia mengine na majivu. Usitegemee kuisogeza sufuria. Na mfuniko uwe karibu. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, kaa mbali. Maji usiyaguse.

Kujua joto bila kipimo, chovya mpini wa mwiko wa mti uliokauka. Mapovu madogo yakiuzunguka polepole kama soda iliyokaa wazi, subiri. Yakipanda mfululizo bila fujo, uko kwenye 160 hivi, tia kuku. Yakiruka kwa hasira, umepitiliza. Kisha tumia masikio. Kuku akiingia, mafuta yanapiga kelele nyingi, ni maji yake yanatoka. Dakika zinavyokwenda kelele inapungua, mwishoni inabaki kama watu wawili wananong'ona chumba cha pili. Hapo maji ya juu yamekwisha na ngozi imeshakauka. Mimi naweza kuwa nimewapa kisogo nachambua mchicha, sauti hiyo ikanigeuza.

Sasa muibe yule kijana wa banda ujuzi wake halisi: kaanga mara mbili. Mzunguko wa kwanza mafuta yawe ya wastani, 150 na ushee mpaka 160. Mapaja na miguu dakika 12 mpaka 14, vidari 10, mabawa 8. Toa vikiwa na rangi ya mchanga mkavu, vimeiva lakini havijapendeza. Vipumzike dakika kumi. Kisha pandisha mafuta mpaka 180 na urudishe vipande, dakika mbili, tatu zikizidi. Mzunguko huu wa pili ndio wa rangi na mlio. Kwa kuwa nyama ilishaiva, huna haja ya kuomba Mungu kuhusu mfupa. Unavyofanya sasa, rangi ndiyo inayokuambia utoe, na rangi ni shahidi wa uongo, hasa ukiwa umetia binzari manjano.

Unga sina mengi. Ngano vikombe viwili, kornflawa kikombe kimoja, kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo, pilipili manga ya kutosha. Kama kornflawa ni ghali, unga wa mchele unafanya kazi nzuri pia. Nyunyizia vijiko vitatu vya mtindi kwenye unga, uvuruge kwa vidole mpaka upate vibonge vidogo. Hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa yale magamba yanayokatika mdomoni. Toa kuku kwenye mtindi, mchuruze, mgandamize kwenye unga kwa kiganja, halafu mpange kwenye ungo au wavu akae robo saa. Usiiruke robo saa hiyo. Unga unalowa na kushikana na ngozi, na pia kuku anatoka kwenye ubaridi wa friji kabla ya kukutana na mafuta. Anayekimbilia karai moja kwa moja ndiye anayeona unga wake wote umelala chini ya mafuta.

Mafuta: alizeti, tena uko nyumbani kwake, kati ya Dodoma na Singida. Ila tofautisha. Yale ya chupa za maji yanayopangwa kando ya barabara, ya rangi ya asali, yenye mashapo chini na harufu ya mbegu, ni matamu kwenye mlenda na kwenye mboga za kuunga. Kwa kukaangia kuku hayafai, maana hayajasafishwa: yanatoa povu, yanashika moshi mapema, na mashapo yanaungua. Chukua yaliyosafishwa. Baada ya kukaanga yapoe, yachuje kwa kitambaa, unaweza kuyarudia mara mbili au tatu. Yakiwa meusi, mazito, au yanatoa povu lisiloisha, mwaga.

Akitoka kwenye mafuta, tafadhali usimtie kwenye hotipoti. Nalisema hili kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza kubwa hapa Dodoma ilikuwa kipaimara, kuku arobaini. Nilikaanga tangu alfajiri, kila kuku analia ukimgusa, nikajisifu. Nikawajaza kwenye mahotipoti na ndoo za plastiki zenye mifuniko wabaki na moto, ibada ikachelewa, tukafungua saa nane. Mvuke ulikuwa umedondoka toka kwenye mifuniko kama mvua. Ngozi zimebanduka, unga umekuwa uji. Mama mwenye shughuli aliinua bawa kwa vidole viwili, ngozi ikabaki kwenye ndoo, akaniangalia bila kusema neno. Tangu siku hiyo kuku wangu anakaa wazi kwenye wavu, na akihitaji moto namrudisha kwenye mafuta dakika moja. Karatasi chini yake nayo ni mtego, upande wa chini unalowana na mvuke wake mwenyewe. Wavu wa kuchomea mishikaki unatosha.

Yote niliyosema ni ya kuku wa kisasa. Siku ukipita Singida ukashawishika na jogoo wa kienyeji, sahau mtindi, sahau unga. Huyo ametembea, misuli yake imejaa ladha na ukaidi, na mafuta peke yake hayamwezi. Mchemshe kwa moto mdogo na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka uma uingie bila kusukuma: saa nzima kwa aliyekomaa, na kwa huu mwinuko wetu mwongezee. Apoe ndani ya supu yake, hapo anazidi kukolea. Mtoe, mkaushe kabisa kwa kitambaa, mpitishe kwenye mafuta ya 180 dakika nne tano mpaka ngozi ikakamae. Supu kunywa ukiwa unasubiri. Kumpaka unga kuku wa kienyeji ni kumvalisha mzee kofia ya sherehe ya watoto, lakini hayo ni maoni yangu. Kuku wa mayai aliyechoka, wanaouzwa bei poa, naye mtendee hivyohivyo.

Anza Ijumaa hii. Wiki ya kwanza usitie kiungo chochote zaidi ya chumvi na pilipili manga, ili ujue kuku mwenyewe ana ladha gani akikolea. Wiki ya pili ndiyo uongeze binzari nyembamba. Na pakiti za viungo zilizobaki kabatini, tia kwenye maharage.